Kwanza Piga Goti: Majibu kwa Wanaopiga Picha za Vipepeo

Tangu mvua za masika zipungue, barua zinazoifikia safu hii zimekuwa za vipepeo karibu zote, na si ajabu, kwa sababu wiki chache baada ya mvua ndipo majani yanapokuwa laini, maua yanapochanua kila upande, na vipepeo wanapoonekana kwa wingi hapa Nairobi kuanzia msitu wa Karura hadi nyuani mwa nyumba za mtaa wa Umoja. Wasomaji wengi waliambatisha picha zao, nami nimezitazama moja baada ya nyingine bila haraka. Karibu kila barua inauliza namba: niweke f ngapi (yaani upana wa tundu la lenzi, ambapo namba ndogo ni tundu kubwa), niweke ISO ngapi (yaani wepesi wa kamera kuunasa mwanga)? Namba nitazitaja, lakini ni lazima niseme mapema kwamba nyingi kati ya picha nilizoletewa ziliharibikia miguuni kabla ya kuharibikia kwenye kamera. Mpiga picha alisimama mahali pasipofaa, na baada ya hapo hakuna kitufe ambacho kingemwokoa.

BAWA MOJA SAFI, JINGINE MOSHI MTUPU

Swali: Mwalimu, nimenunua kamera iliyotumika pamoja na lenzi ya makro ya milimita 100. Jumamosi nilikwenda Karura, nikamkuta kipepeo mweusi mwenye duara la buluu kwenye kila bawa la nyuma, ametua njiani akiota jua. Niliweka f/2.8 kwa sababu rafiki yangu aliniambia kwamba ndiyo hulainisha mandhari ya nyuma. Nilipoifungua picha kwenye kompyuta, bawa la kushoto lilikuwa safi, lakini kichwa na bawa la kulia vilikuwa kama vimefunikwa na moshi. Je, nimeuziwa lenzi mbovu? (Msomaji, Kasarani)

Jibu: Lenzi yako ni nzima, ndugu yangu, na kipepeo uliyempata ni wa kufundishia hasa. Wataalamu humwita Junonia oenone, naye ana tabia ya kutua mahali pa wazi penye jua, akatandaza mabawa, akaruka mwendo mfupi, kisha akarudi karibu na pale pale alipokuwa. Ukimkosa mara ya kwanza, usimkimbize, tulia, atarudi.

Sasa tuje kwenye moshi. Lenzi ya makro inapokaribia kitu kidogo, kina cha ukali wa picha, yaani ule unene wa sehemu inayoonekana safi kutoka mbele hadi nyuma, hupungua kwa kiasi ambacho anayeanza hawezi kukidhania. Chukua kamera yenye sensa ya milimita 36 kwa 24, na umkaribie kipepeo hadi picha yake juu ya sensa iwe nusu ya ukubwa wake halisi. Kwa f/2.8, sehemu iliyo safi ina unene wa takriban milimita 1. Kwa f/8 hufika karibu milimita 3, na kwa f/11 karibu milimita 4. Kipepeo wako alikuwa ametandaza mabawa, nawe, kwa jinsi picha inavyoonyesha, ulikuwa umesimama ubavuni pake ukimwinamia kwa mshazari. Kutoka ncha ya bawa lililokuwa karibu nawe hadi ncha ya bawa la mbali palikuwa na tofauti ya sentimita mbili au zaidi. Milimita 1 haiwezi kufunika sentimita mbili. Milimita 4 nazo haziwezi. Hata ungeziba tundu la lenzi hadi f/16, bado bawa moja lingebaki na ukungu, na zaidi ya hapo ungeingia katika tatizo jingine, kwani mwanga unaopita katika tundu dogo mno hutawanyika na kuifanya picha nzima ipoteze ukali.

Kwa hiyo dawa ya kwanza haiko kwenye namba ya f. Dawa ni kuuweka uso wa kamera sambamba na mabawa. Kipepeo akiwa ametandaza mabawa kama kitabu kilichofunguliwa, mpige kutoka juu, huku mgongo wa kamera ukilingana na mabawa hayo kama vile unavyolaza kiganja juu ya kiganja. Akiwa ameyafumba juu ya mgongo wake, kama wafanyavyo wengi wanapotua kulala au wanapofyonza nekta, piga goti, ikibidi lala kifudifudi, hadi lenzi ilingane naye kwa urefu, kisha sogea kushoto au kulia mpaka bawa lote lionekane bapa mbele yako. Ukishafanya hivyo, milimita 3 za f/8 zinatosha kabisa, kwa sababu bawa lililofumbwa lenyewe halina unene wa kukusumbua. Akiwa amefungua nusu tu, ambapo hapana namna ya kuyapata mabawa yote mawili, fanya uamuzi mmoja: weka fokasi kwenye jicho, uyaache mabawa yafifie yatakavyo. Picha yenye jicho safi na bawa lililofifia inatazamika. Yenye bawa safi na jicho lililofifia, kama hii yako, humfanya mtazamaji ahisi kwamba macho yake mwenyewe yana kasoro.

Kuhusu mipangilio, naomba uache f/2.8 kwa sasa na uanze na f/8. Kumbuka tu kwamba ukitoka f/2.8 kwenda f/8 unapunguza mwanga hadi sehemu moja ya nane, na mwanga huo lazima uupate kwingine. Usiutafute kwa kupunguza kasi ya shata, yaani kwa kuuacha mwanga uingie kwa muda mrefu zaidi. Weka kamera kwenye modi ya M, ile ya kujipangia mwenyewe, chagua f/8 na 1/500 ya sekunde, kisha uiruhusu kamera ijichagulie ISO yenyewe, ukiiwekea kikomo cha 3200. Penye jua kali la wazi utaona ISO ikibaki karibu na 100 au 200. Ukiingia chini ya miti ya Karura itapanda hadi 1600 na kuendelea. Wengi huogopa chembechembe za ISO kubwa. Mimi nimeshazizoea, kwa sababu chembechembe hupunguzwa baadaye kwenye kompyuta, ilhali picha iliyotikisika hairekebishiki.

Liko jambo moja ambalo vitabu vya maelekezo ya kamera hulipita haraka. Ukiwa karibu kiasi hiki, mtikisiko mbaya zaidi ni ule wa mwili mzima kuyumba mbele na nyuma unapopumua, ambao mfumo wa kutuliza lenzi haukusaidii sana. Milimita 2 za kuyumba zinatosha kuhamisha fokasi kutoka jichoni hadi kwenye papasi, zile pembe mbili nyembamba za kichwani. Egemeza kiwiko juu ya goti, toa pumzi, na piga picha tano au sita kwa mfululizo badala ya moja. Kati ya hizo, moja itakuwa imelinasa jicho.

TANGI LA MAJI NYUMA YA KIPEPEO

Swali: Mwalimu, mimi ni mama wa nyumbani na nina mlimau mmoja tu uani. Kila siku karibu saa nne asubuhi huja kipepeo mkubwa mweusi mwenye madoa ya manjano, akawa anazungukazunguka kwenye majani machanga. Nimempiga picha nyingi sana, na kipepeo mwenyewe hutoka vizuri, lakini watoto wangu wanasema picha zinachosha. Nyuma yake kila mara kuna tangi la maji la jirani au kamba ya nguo. Sina uwezo wa kwenda misituni. Nifanyeje? (Mama, Buruburu)

Jibu: Mama, nimezitazama picha zako kumi na moja, na ninakuhakikishia kwamba huhitaji kwenda msitu wowote. Huyo ni Papilio demodocus, ambaye viwavi wake hula majani ya milimau na michungwa, na kwa tabia unayoieleza ni jike anayetaga. Hutua kwenye jani kwa sekunde chache tu, hupinda tumbo kama ndoana, hubandika yai moja la manjano lenye ukubwa wa kichwa cha pini, halafu huyo, kwenye jani jingine. Hilo ni tukio, na watu hulipa nauli kwenda mbali kulitafuta tukio kama hilo.

Watoto wamesema kweli, lakini wamelaumu kitu kisicho na hatia. Ichukue picha yako ya nne. Kipepeo yupo katikati kabisa, mabawa safi, rangi nzuri. Nyuma ya papasi zake kuna tangi la buluu, na jicho la mtazamaji, kwa kuwa buluu ile ndiyo rangi pekee ya aina yake katika picha nzima, hukimbilia kwenye tangi kwanza, kisha kwenye shati jeupe lililoanikwa, na kipepeo hupata zamu ya tatu. Sasa fanya jaribio kesho kabla hajaja. Simama pale unaposimama siku zote, funga jicho moja, utazame jani moja la mlimau. Kisha sogea hatua moja kushoto, ukiendelea kulitazama jani lile lile. Utaona tangi linaondoka nyuma yake kana kwamba limebebwa, na mahali pake panakuja kitu kingine, pengine ukuta, pengine ua wa mimea ya jirani. Endelea kuzunguka mlimau wako hadi upate pembe ambayo nyuma yake kuna kijani kilicho mbali, hasa kijani kilichoko kivulini wakati mlimau wenyewe uko juani. Hapo ndipo uweke kigoda chako na usubiri. Usimfuate kipepeo kuuzunguka mti. Atakuja upande wako, maana majani machanga hayachagui upande.

Umbali una kazi yake pia. Tangi likiwa mita moja nyuma ya jani, hata tundu kubwa la lenzi halitalifuta. Likiwa mita sita, f/8 hiyo hiyo italigeuza kuwa doa laini. Na kama lenzi yako inavuta, ivute hadi mwisho wake kisha urudi nyuma hatua mbili tatu badala ya kuiacha ikiwa pana na kumsogelea. Kipepeo atabaki na ukubwa ule ule kwenye picha, lakini kipande cha mandhari kinachoonekana nyuma yake kitakuwa chembamba zaidi, na ni rahisi kupata kipande chembamba kilicho safi kuliko kikubwa.

Baada ya hapo, mtoe katikati. Sisemi hivyo kwa sababu kuna sheria. Picha ya kipepeo aliyetandaza mabawa na kupigwa kutoka juu mara nyingi hupendeza akiwa katikati, kwa kuwa mwili wake wenyewe umegawanyika sawasawa. Lakini jike wako anayetaga ana upande anaoelekea. Mwachie nafasi mbele ya uso wake kuliko nyuma yake, ili jani analolikusudia lionekane, na tumbo lililopinda liwe na mahali pa kuelekea. Jihadhari usikate ncha za papasi ukingoni mwa picha. Ni kosa dogo ambalo huonekana mara moja na haliwezi kurudishwa. Geuza kamera wima pale tawi linapokuwa wima. Na kwa vile kipepeo huyu huendelea kupigapiga mabawa hata anapotaga, 1/500 haitamshika vizuri. Panda hadi 1/1600, jua la saa nne litakuruhusu.

WEUPE ULIOUNGUA

Swali: Nimekuwa nikiwapiga picha vipepeo weupe katika bustani ya Arboretum. Kila mara bawa hutoka jeupe pe, bila mshipa hata mmoja kuonekana, ingawa kwa macho yangu naiona mishipa vizuri. Nimepunguza mwanga kwa programu ya kompyuta lakini hugeuka kijivu tu. (Mwanafunzi wa chuo, Ngong Road)

Jibu: Kamera haijui kwamba inatazama kipepeo. Kifaa chake cha kupimia mwanga hukadiria kwamba kila kitu kilicho mbele yake, kikichanganywa pamoja, kina mng'ao wa kijivu cha wastani. Kipepeo wako mweupe alikuwa mdogo ndani ya picha, amezungukwa na majani ya kijani kilichoiva kivulini. Kamera ikayaona majani, ikasema hapa pana giza, ikaongeza mwanga ili majani yawe ya wastani, na bawa likaungua. Sehemu ikishaungua, hapana kumbukumbu yoyote iliyobaki ndani yake, ndiyo maana ukiipunguza hupati mshipa, unapata kijivu.

Tafuta kitufe chenye alama ya kujumlisha na kutoa, ukipeleke upande wa kutoa hadi alama ya theluthi mbili (-0.7) au moja kamili (-1). Majani yatakuwa meusi kidogo, na hilo litamfaa kipepeo. Kisha washa onyo la sehemu zilizoungua, ambalo kamera nyingi zinalo kwenye menyu ya kutazama picha: kila palipoungua hupepesa. Piga moja, tazama, punguza tena ikiwa bawa linapepesa. Angalizo ni hili: hali hugeuka kinyume pale bawa jeupe linapojaza picha karibu yote, kwa sababu wakati huo kamera huuona weupe mwingi, ikadhani pana mwanga mno, na kukupa bawa la kijivu kama nguo isiyosuuzwa. Hapo utaongeza badala ya kupunguza. Usikariri namba, kwa hiyo. Tazama ni kitu gani kimejaza picha.

Hifadhi picha kwa mfumo wa RAW, yaani picha ghafi isiyobanwa na kamera, kama kadi yako ina nafasi, kwa kuwa huhifadhi maelezo mengi zaidi ya sehemu zenye mwanga mkali kuliko JPEG. Na badilisha saa. Nairobi iko karibu sana na Ikweta, na jua la saa sita hutupiga utosini karibu mwaka mzima. Mabawa meupe chini ya jua hilo huwa ni kioo. Wale weupe wenye mishipa ya kahawia, Belenois aurota, ambao miaka mingine hupita mjini kwa maelfu wakihama, mimi huwapenda zaidi wakati wingu jembamba limepita mbele ya jua, kwa sababu mwanga huwa umetandazwa na kila mshipa huonekana kama umechorwa kwa kalamu. Kwa kuwa uko Arboretum, neno moja nje ya swali lako: bustani hiyo imepakana na Ikulu, hivyo elekeza lenzi kwenye maua na uziache kuta.

NINA SIMU TU

Swali: Je, mtu mwenye simu ya kawaida anaweza kupata picha ya kipepeo ya kuwekwa ukutani, au nisipoteze muda? (Msomaji, Githurai)

Jibu: Anaweza. Simu ina sensa ndogo, na sensa ndogo ina faida moja hapa: kina cha ukali wake ni kikubwa kuliko cha kamera ya ndugu yetu wa Kasarani, kwa hiyo mabawa yote mawili ni rahisi kutoka safi. Hasara ni kwamba mandhari ya nyuma nayo hutoka safi, na kila nilichomwambia mama wa Buruburu kuhusu tangi kinakuhusu wewe mara mbili. Usikuze picha kwa vidole zaidi ya pale lenzi halisi za simu zinapoishia, maana baada ya hapo simu hukata picha na kuitanua tu. Afadhali upige kwa nafasi, ukate baadaye nyumbani. Gusa skrini juu ya kipepeo na ushikilie kidole hadi fokasi ijifunge, kisha telezesha mwangaza chini kidogo. Simu nyingi za siku hizi hubadilisha lenzi zenyewe unapokaribia sana, na kukuhamishia kwenye lenzi pana bila kukuuliza. Ukiona picha imeruka ghafla, rudi nyuma kidogo. Na ufute lenzi kwa kitambaa safi kabla ya yote. Nusu ya picha za simu nilizoletewa mwezi huu zilikuwa na alama ya kidole.

WANARUKA KABLA SIJAFIKA

Swali: Mwalimu, tatizo langu si kamera. Nikimkaribia kipepeo hatua tatu, ameruka. Jamaa mmoja katika kikundi chetu cha wapiga picha amenishauri nimkamate kwa wavu, nimweke kwenye friji dakika chache, kisha nimtoe akiwa ameduwaa nimpige picha kwenye ua nilipendalo. Je, ni sawa? (Msomaji, Lang'ata)

Jibu: Si sawa, na ninaomba asiyeyaamini maneno yangu ayasome hadi mwisho. Mabawa ya kipepeo yamefunikwa na vigamba vidogo mno, ule unga unaobaki vidoleni ukimshika, na vigamba hivyo vikishatoka havioti tena. Rangi unayotaka kuipiga picha ndiyo hiyo unayoipangusa. Kumpoza ni kumwondolea uwezo wa kuruka, kwani misuli ya mabawa yake huhitaji joto ili ifanye kazi, na ukimwacha juu ya ua akiwa katika hali hiyo umemweka mezani mbele ya ndege na mijusi. Ndani ya misitu ya serikali na mbuga, kukamata wadudu bila kibali ni kosa. Kisha picha yenyewe husema uongo: kipepeo aliyetoka kwenye friji hukaa vibaya, miguu imekunjamana, papasi zimeelekea kusikoeleweka, na mtu anayewajua vipepeo huigundua mara moja. Mwambie jamaa yako hivyo kwa heshima, lakini mwambie.

Ajabu ni kwamba amekaribia ukweli bila kuutambua, maana baridi unayoihitaji Nairobi tayari inayo bure. Toka nyumbani mapema. Kati ya saa moja na saa tatu asubuhi, hasa Juni hadi Agosti ambapo mji huu huamka na mawingu na baridi, vipepeo huwa bado wamejishikiza kwenye nyasi na chini ya majani, wakisubiri jua liwapashe moto. Watafute kwa kutazama nyasi upande wa mashariki wa vichaka, ambako mwanga wa kwanza hufika. Jua likiwagusa, hutandaza mabawa na kukaa hivyo kwa dakika kadhaa wakiota. Hizo ndizo dakika zako. Ikifika saa tano, kaa kivulini unywe chai. Watakuwa na moto mwingi kukuzidi.

Unapomkaribia, elewa kwamba jicho lake limeundwa na vijicho vingi na hushika mwendo kuliko umbo. Ukija umesimama wima, ukiwa umevaa shati jekundu, huku mikono ikipanda kushika kamera, umemwonyesha vitu vitatu vinavyosogea. Inua kamera usoni ukiwa bado mbali, kisha sogea ukiwa umechuchumaa, polepole kama mtu anayembembeleza mtoto alale, na ukisimama simama kabisa. Zaidi ya yote, kiangalie kivuli chako. Nimemkaribia kipepeo kwa dakika kumi katika njia ya Oloolua, magoti yote mawili yakiwa kwenye tope, na ukingo wa kofia yangu ukatupa kivuli juu ya bawa lake kwa muda wa kufumba na kufumbua. Akaondoka. Siku hizi huhakikisha jua liko ubavuni pangu, ambapo pia ndipo linapoyapa mabawa uhai zaidi kuliko likiwa nyuma ya kichwa changu.

Na pale ambapo kukaribia kunashindikana, waache waje wenyewe. Wale wakubwa wenye nguvu, jamii ya Charaxes, ambao hukaa juu mitini na hawajali maua sana, hushuka kwenye matunda yaliyochacha; ndizi iliyoiva hadi ikawa nyeusi, ikapondwa na kuachwa siku mbili, huwavuta hadi wakasahau kwamba upo. Baada ya mvua, tazama pia kingo za madimbwi, kwani vipepeo, hasa madume, hukusanyika kwenye udongo uliolowa wakifyonza chumvi. Lala chini mita mbili kutoka hapo, uiweke kamera karibu usawa wa ardhi, uchague f/11 ili upate angalau wawili watatu walio safi, na usubiri. Baada ya dakika tano utakuwa umeshageuka kuwa sehemu ya dimbwi.

BUNDA JUU YA MLIMAU

Swali: Kiwavi wa kijani aliyekuwa akila mlimau wangu amejigeuza bunda (lile ganda la kabla ya kuwa kipepeo) kwenye kijiti, amejifunga na uzi kiunoni. Nataka kupiga picha ya kipepeo akitoka. Nitajuaje siku yenyewe? (Msomaji, Ongata Rongai)

Jibu: Hongera kwa kumwachia kiwavi majani yake, wengi huwanyunyizia dawa kisha wakauliza vipepeo wamekwenda wapi. Bunda hukaa wiki mbili au zaidi, na kwenye baridi ya Rongai huenda akakawia. Kila jioni mmulike kwa tochi kutoka ubavuni. Siku ganda litakapoanza kuwa jeusi, na ukaona kwa ndani madoa ya manjano ya mabawa yaliyokunjwa, jua kwamba kesho yake asubuhi ndiyo siku.

Andaa kila kitu usiku. Simamisha kamera kwenye tripodi ubavuni mwa bunda, ili uone mstari wa mwili wake wote, na uache nafasi mara mbili ya urefu wake upande wa chini, kwa kuwa akitoka atajishikiza na kuyaning'iniza mabawa yakielekea chini, na mabawa hayo yatakuwa makubwa kuliko ganda mara kadhaa. Wengi hukosea hapa: hulijaza bunda kwenye picha, kisha kipepeo anapotoka anatoka nje ya fremu. Simamisha kadibodi ya kijani kilichofifia nusu mita nyuma yake ikiwa ukuta wa jirani unaonekana. Weka fokasi kwa mkono, si ya kiotomatiki, f/8, na kwa kuwa kamera imetulia na yeye husogea taratibu, 1/125 inatosha na ISO itabaki chini. Usitumie fleshi, mwanga wa asubuhi kutoka ubavuni utaonyesha mikunjo ya mabawa mabichi vizuri zaidi.

Kuanzia mapambazuko, usiondoke kwenda hata kuchemsha maji. Ganda hupasuka kichwani, na kutoka kwenyewe huchukua dakika chache tu. Baada ya hapo una muda: mabawa yaliyosinyaa hujazwa maji ya mwili polepole na kunyooka, kisha hukaa saa moja au zaidi yakikauka, naye hudondosha tone la majimaji ya rangi ya kahawia, ambalo lisikutie hofu. Piga picha kila nusu dakika bila kuigusa tripodi, ukitumia kipima muda cha kamera. Mabawa yakishakauka na akaanza kuyafungua na kuyafumba, ondoa kadibodi taratibu na ubadilishe hadi 1/2000.